Miwani ya Kazi: Mwongozo kwa Wenye Macho Mawili Wanaotaka Kubaki Nayo

Mwongozo huu ni wa watu wenye macho mawili. Mwenye moja naye asome, tena kwa makini zaidi, maana hana la akiba.

Umeandikwa kwa kuitazama Mulot, mji ulio kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, pale mto Amala unapopita mpakani mwa kaunti hizo mbili. Nairobi likitajwa jina la Mulot, watu hushika simu zao, kwa sababu ya habari za ulaghai wa laini za simu zilizojaa magazetini. Lakini anayeshuka garini hapa hulakiwa na kelele za kazi za mikono: grainda ikikata chuma cha geti, mashine ya posho ikisaga mahindi, msumeno ukipasua mbao, nyundo ikigonga rimu ya pikipiki. Huku chini ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Ukipanda upande wa Silibwet, ukaendelea hadi Mogogosiek na Kericho, unaingia kwenye chai, na huko pia kuna panga, pampu za dawa na viwanda. Kazi zote hizo zina jambo moja zinalofanana: hutupa vitu hewani, na uso wa mfanyakazi uko karibu.

Mteja anayeingia hadiwea huuliza, "Miwani nzuri ya kazi ni ipi?" Muuzaji humpa ile iliyo karibu na mkono. Wote wawili wameanza vibaya. Hakuna miwani nzuri kwa kila kazi. Kuna miwani inayozuia kile kinachokuja usoni mwako, na kuna isiyokizuia. Basi tuanze na kinachokuja.

Kwanza: mtaje adui kwa jina

Kabla ya kutoa pesa, simama kazini pako ujiulize maswali matatu. Nini kinaruka? Kinaruka kwa nguvu gani? Kinatoka upande gani? Majibu hutofautiana kutoka kibanda hadi kibanda.

Fundi wa mageti ana maadui wawili. Anapokata au kusafisha chuma kwa grainda, anarushiwa cheche na vipande vya jiwe la kukatia. Anapochomelea, anarushiwa mwanga. Kinga ya adui mmoja haimtoshi mwingine, na hapo ndipo mafundi wengi huumia: wanavaa kioo cheusi wakati wa kuchomelea, kisha wanakivua ili kuona vizuri, wanashika grainda au nyundo ya kubandua maganda ya welding, na macho yako wazi. Ganda lile likiruka bado lina moto.

Mwenye nyundo na patasi anapiga chuma kwa chuma. Kipande kinachobanduka huwa kidogo sana na chenye kasi sana. Kinaweza kuingia ndani ya jicho na kuacha tundu dogo ambalo hata halitoi damu. Mwenyewe husema, "Ni kavumbi tu," akaendelea na kazi.

Mvunja kokoto anarushiwa mawe. Mwashi anarushiwa simenti na chokaa, na hivyo si vumbi la kawaida. Vikikutana na machozi huwa alikali, na alikali huendelea kupenya ndani ya jicho muda mrefu baada ya mtu kudhani amejifuta.

Mkulima mwenye pampu mgongoni ana upepo. Anaponyunyizia dawa ya magugu, upepo wa Bomet haumwulizi anakotaka dawa iende. Anayewapulizia ng'ombe dawa ya kupe ana ng'ombe mwenyewe, ambaye hajasoma maelezo ya chupa na ana mkia. Mkia ukishalowa dawa, mchapo wake hufika usoni mwa mtu.

Kwenye mashamba ya chai kuna adui asiyepewa heshima yake: kijiti. Kichaka cha chai hupruniwa kila baada ya miaka 3 au 4. Baada ya panga kupita, shamba zima hubaki na vijiti vilivyochongoka kwa mshazari, katika kimo kinacholingana na uso wa mtu aliyeinama. Mkato wa jani la mahindi au nepia ni ndugu yake. Mmea ukikwaruza jicho huacha kidonda, na mara nyingine huacha humo kuvu. Kidonda cha kuvu kwenye kioo cha jicho ni kigumu kutibu, na kimewapofusha wakulima wengi katika nchi za joto.

Kiwandani kuna vumbi la nyuzi za chai kwenye chumba cha kuchambulia, kuna anayepasua kuni za boila, na kuna fundi wa karakana anayenoa upya meno ya roli za CTC, zile zinazokatakata majani. Wa kwanza anarushiwa kinachoelea, wa pili kijiti, wa tatu chuma.

Mwendesha boda boda naye yumo. Ofisi yake ni barabara. Mchana ana vumbi na kokoto inayorushwa na tairi la lori, na jioni ana wadudu ambao hawajui kupisha.

Pili: usiitegemee kope

Watu wengi huamini kwamba wana wepesi wa kufumba. Tupige hesabu.

Jiwe la grainda huandikwa kasi yake ya mwisho: kwa mawe mengi ya kukatia ni mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 288 kwa saa. Hakuna matatu inayoikaribia, hata ile inayowahi abiria Narok. Uso wa fundi aliyeinama uko kama nusu mita kutoka kwenye jiwe. Kipande kinachobanduka kwa kasi hiyo kinafika jichoni kwa muda wa kama sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Kope, ikijitahidi, inahitaji sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kufunga. Kwa hiyo kope hufunga baada ya mgeni kuingia, na kumfungia ndani.

Kioo cha mbele cha jicho, kile madaktari wanachokiita konea, kina unene wa kama nusu milimita katikati. Ndicho chote kilichopo kati ya kazi yako na giza. Kinastahili msaidizi.

Tatu: soma maandishi madogo

Miwani ya kweli ya kazi ina maandishi kwenye lenzi yenyewe na kwenye fremu. Si kwenye karatasi ya mfuko, wala kwenye kibandiko kinachong'oka. Igeuze mwangani uyatafute pembeni. Ukikosa alama yoyote, umeshika pambo.

Alama mbili ndizo utakazozikuta zaidi. Ya kwanza ni Z87, ya kiwango cha Marekani. Ikifuatwa na alama ya kujumlisha, Z87+, maana yake miwani hiyo imepimwa kwa kupigwa kwa nguvu na ikastahimili. Ya pili ni EN 166, ya Ulaya. Sasa kuna kiwango kipya cha kimataifa, ISO 16321, kilichoanza kuchukua nafasi yake, lakini miwani ya EN 166 bado itakuwa rafuni kwa muda.

Kwenye EN 166 tafuta herufi ya nguvu. F maana yake lenzi imepigwa na gololi ndogo ya chuma kwa mita 45 kwa sekunde, na haikupasuka. B ni mita 120. A ni mita 190. Miwani ya masikio haipandi juu ya F, hata muuzaji akiapa. Miwani inayobana uso hufika B. Ngao ya uso mzima ndiyo inayofika A.

Sasa rudi kwenye jiwe la grainda: mita 80. Herufi F ni mita 45. Ndiyo maana fundi wa grainda anahitaji miwani na ngao ya uso juu yake. Miwani hushughulikia cheche za kila siku, na ngao hushughulikia ile siku ambayo jiwe litapasuka. Ngao peke yake pia haitoshi, kwa sababu iko wazi chini na pembeni, na kipande kikigonga kifua huweza kurukia juu.

Kisha tafuta namba kwenye fremu. 3 ni kwa matone na maji ya dawa. 4 ni kwa vumbi la kawaida. 5 ni kwa gesi na vumbi laini sana. 9 ni kwa chuma kilichoyeyuka. Herufi K inasema lenzi haichubuki upesi, na N inasema haishiki ukungu upesi. Mkazi wa Bomet na Kericho aipende N, maana asubuhi ya huku ina baridi na kazi ina jasho, na viwili hivyo vikikutana kwenye lenzi huzaa wingu.

Nyenzo nayo ina maana. Lenzi nyingi nzuri ni za polikaboneti, plastiki ngumu inayopinda kabla ya kupasuka na inayozuia karibu miale yote ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe kabisa. Miwani ya kawaida ya kusomea haikutengenezwa kwa mapigo. Ya kioo ikipasuka huongeza vipande kwenye vile vilivyokuwa vikija. Anayevaa miwani ya daktari atafute ile kubwa ya kinga inayovaliwa juu yake. Hataonekana maridadi, lakini ataonekana na ataona.

Nne: umbo lifuate adui

Kwa vipande vinavyoruka kutoka mbele, kama vya mbao, kokoto au kijiti cha chai, miwani ya masikio yenye kinga za pembeni inatosha kazi nyingi. Pembeni ni muhimu. Adui hajaahidi kuja mbele, na jirani yako mwenye grainda anafanya kazi ubavuni mwako.

Kwa vumbi la posho, la simenti na la chai, chukua miwani inayobana uso pande zote, yenye matundu ya hewa. Kwa dawa ya magugu, dawa ya kupe na maji ya betri, chukua inayobana vilevile, lakini matundu yake yawe yamefunikwa, ili hewa ipite kwa kuzunguka na tone lisipite moja kwa moja. Hapa wengi hukosea: miwani ya vumbi yenye vitobo wazi ikimwagiwa dawa huwa kikombe kilichofungwa usoni.

Kwa anayepruni chai siku nzima juani, kuna miwani ya waya wa wavu. Haishiki ukungu, na huzuia kijiti vizuri. Haizuii vumbi wala tone, kwa hiyo ivuliwe kabla ya kushika pampu.

Kwa boda boda, kofia yenye kioo cha mbele kizima, kisichochubuka, ndiyo jibu. Kioo kilichochakaa kikikutana na taa za lori usiku hugeuka ukuta mweupe. Kibadilishe. Na usiku kiwe cheupe. Kioo cheusi giza likishaingia humkinga mwendeshaji dhidi ya kuona barabara.

Tano: mwanga wa kuchomelea hauogopi miwani ya mitumba

Sehemu hii ni ya fundi anayechomelea akiwa amevaa miwani ya jua iliyouzwa kando ya barabara. Anajiona mwerevu kwa kuwa inatia giza. Tupige hesabu tena.

Miwani nyeusi ya jua ya kawaida hupitisha kama sehemu 1 kati ya 10 ya mwanga. Kioo cha kuchomelea namba 10 hupitisha kama sehemu 1 kati ya 7,000. Kwa hiyo fundi wa miwani ya jua anapokea mwanga mara mia kadhaa zaidi ya anaopaswa kupokea. Kila namba ikipanda, giza huongezeka. Kwa kuchomelea kwa umeme mageti na madirisha, namba 10 au 11 ndiyo inayofaa kwa kawaida. Kwa gesi ni kati ya 4 na 6. Kioo cha gesi kisiazimwe kwa kazi ya umeme, hata kwa dakika moja, hata kwa rafiki.

Mwanga huo una tabia ya kudai deni usiku. Mchana fundi hasikii kitu. Saa sita hadi kumi na mbili baadaye macho huamka na moto: machozi, uchungu, hisia ya mchanga chini ya kope, na kushindwa kutazama hata taa ya simu. Miale ya urujuanimno imechoma ngozi ya juu ya kioo cha jicho. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, na kupona huko ndiko kunakowapa watu ujasiri wa kurudia. Lakini jicho linalochomwa na kuponywa na kuchomwa tena halifanyiwi hisani.

Na lipo jambo la wanaotazama. Kila kibanda cha kuchomelea Mulot kina watazamaji: watoto wanaotoka shule, mteja aliyekuja kuangalia geti lake, mama wa kibanda jirani. Hao hawana kioo namba yoyote. Turubai kuukuu au mabati mawili yaliyosimamishwa mbele ya kazi ni miwani ya kijiji kizima.

Sita: jaribu kabla ya kulipa

Vaa. Inama hadi uone viatu vyako. Ikianguka, hiyo ni miwani ya kusimama wima, na wewe hufanyi kazi ukiwa umesimama wima.

Tikisa kichwa kulia na kushoto kama anayekataa bei. Ikicheza, endelea kukataa.

Pitisha kidole juu ya fremu, karibu na nyusi. Kikiingia kati ya fremu na uso, cheche nayo itaingia.

Tabasamu. Mashavu yakiinua miwani, utaiacha nyumbani siku ya furaha.

Vaa na kofia yako ya sufu, na helmeti, na barakoa ya vumbi, vyote unavyovaa kazini. Kifaa kinachokataa kuishi na wenzake kitavuliwa saa nne asubuhi.

Pumua kwa nguvu ukiwa umeivaa. Ikipata wingu lisiloondoka, tafuta yenye N au yenye matundu. Ukiwa nayo tayari, tone dogo la sabuni ya maji lililopakwa kwenye lenzi na kufutwa kwa kitambaa laini husaidia kwa saa kadhaa.

Mwisho, tazama mbali kupitia lenzi. Nguzo ya stima ikipinda, irudishe. Miwani inayoumiza kichwa haikai usoni, na miwani isiyokaa usoni haijawahi kumlinda mtu.

Visingizio vinavyojulikana, pamoja na majibu yake

"Ninayo, nimeitundika pale." Miwani iliyo kwenye msumari inalinda msumari. Iliyopandishwa juu ya paji la uso inalinda paji, na paji la uso halijawahi kupofuka.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini bila miwani." Hongera, fundi. Vipande vya chuma havijui umeanza lini. Kile cha leo hakikuwepo mwaka ule.

"Ni kazi ya dakika moja." Kipande kinahitaji sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Dakika moja inakipa nafasi elfu kumi.

"Nafumba jicho moja." Basi umeshaanza mazoezi ya maisha yenye jicho moja, na lile ulilobakiza wazi ndilo linaloungua.

"Inanitoa jasho." Hili ni la kweli, na anayelisema asikemewe. Abadilishiwe miwani. Kifaa kisichovumilika ni kosa la aliyekichagua.

"Wazee watanicheka." Mzee wa huku akikucheka, msalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei, boiyot," kisha mwulize ni wangapi wa rika lake waliokuwa mafundi na leo wanashikwa mkono wakivuka barabara. Mazungumzo yatabadilika.

"Ni ghali." Miwani ya kawaida yenye Z87+ huuzwa kwa shilingi mia chache. Geti moja huuzwa kwa maelfu. Aliyeshindwa kuitoa bei ya miwani kwenye bei ya geti hakushindwa na pesa, ameshindwa na hesabu ya kazi yake.

Ikishaingia

Mwongozo wa miwani usiosema la kufanya siku ya ajali ni mwongozo wa nusu, na hapa masihara yote yanakoma. Haya ni ya kukariri.

Dawa, simenti, chokaa au maji ya betri yakiingia, osha papo hapo kwa maji safi mengi, macho yakiwa yameshikwa wazi, bila kuacha, kwa dakika 15 angalau. Kwa simenti na chokaa fika 30. Usitafute gari kwanza. Maji kwanza, gari baadaye. Kisha nenda hospitali na chupa au karatasi ya dawa mkononi, ili daktari ajue anapambana na nini.

Kitu kikichoma jicho au kikiingia ndani, usikitoe, usioshe, usisugue, usibonyeze. Kata sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, uifunike juu ya jicho bila kuligusa, uibandike kwa plasta, uende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Kama ulikuwa ukipiga nyundo na jicho likahisi kuguswa, nenda hata kama unaona vizuri.

Kipande cha chuma kilichokwama juu ya jicho kisitolewe kwa njiti ya kiberiti, kwa kona ya leso wala kwa ncha ya ulimi wa rafiki. Nia ya rafiki ni njema, lakini ulimi wake una vijidudu. Chuma kikikaa huanza kutoa kutu ndani ya jicho, kwa hiyo usisubiri mwisho wa wiki.

Jani au kijiti kikikwaruza, na kesho yake jicho likawa jekundu au likauma, nenda hospitali. Usinunue matone kwa kubahatisha. Baadhi ya matone yana steroidi, na steroidi juu ya kidonda cha kuvu hukilisha. Matone ya ganzi nayo hayafai nyumbani, kwani huondoa uchungu na kuchelewesha kupona.

Na wapo wanaotia jichoni maziwa ya mama au chai. Maziwa ya mama yana mtoto wake. Chai, hata iliyo bora kuliko zote mlimani, mahali pake ni kikombeni. Jichoni visitiwe.

Kwa mtu wa Mulot hospitali haiko mbali sana. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Longisa, kwenye barabara hiyo hiyo ya Bomet, na mbele yake, karibu na mji wa Bomet, iko Tenwek, ambayo ina kitengo cha macho. Jua njia kabla hujaihitaji, na umwambie mwenzako wa kibandani, kwa kuwa siku hiyo si wewe utakayesoma vibao.

Nani analipa?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa kazi yake na avitunze. Neno "vinavyofaa" lina uzito: miwani ya vumbi aliyopewa mtu wa dawa haijatimiza sheria. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi avae alichopewa, na inamgusa hata anayejiajiri, kwamba achukue tahadhari kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio kazini pake. Fundi wa jua kali asiye na bosi ni bosi, na wajibu wote umemwangukia.

Anayeumia kazini ana Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007. Inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba baada ya kupata habari. Kwa hiyo mwambie mwajiri mara moja, tena kwa maandishi, na utunze karatasi za hospitali. Lakini fidia ni pesa. Hakuna ofisi ya serikali yenye kabati la macho.

Ninayasema haya kwa sababu namjua anayesahauliwa katika hesabu hizi zote, na si fundi. Fundi angalau ana kioo cha mkononi. Anayesahauliwa ni kijana aliyeacha shule au anayesubiri karo, anayelipwa kwa siku, ambaye kazi yake ni kushika upande wa pili wa chuma ili kisitikisike. Yuko mbele ya cheche, si nyuma yake. Anaambiwa, "Angalia kando." Ndiye mwenye macho mapya kuliko wote pale kibandani, anayeyahitaji kwa miaka mingi kuliko wote, na ndiye pekee aliyekuja kazini uso mtupu. Vivyo hivyo kibarua anayechanganya dawa kabla ya mwenye shamba kuvaa pampu, na turnboi anayeshikilia gogo msumeno ukipita.

Kwa hiyo ukishamtaja adui, ukasoma herufi, ukainama na kutabasamu mbele ya muuzaji hadi akakuona wa ajabu, usiondoke dukani na miwani moja. Nunua mbili. Ya pili mpe anayekushikia chuma, na usiwashe mashine kabla hajaivaa.